Tezi Kubwa, Sindano Zilezile: Jinsi Ukubwa wa Tezi Dume Unavyoathiri Utambuzi wa Saratani kwa Biopsi

Wazee watatu wameketi kwenye benchi la kliniki ya magonjwa ya mfumo wa mkojo wakisubiri majibu yao. Ni watu wa kubuni kwa ajili ya somo hili, lakini hali zao si za kubuni. Mzee wa Kwanza ana tezi dume yenye ujazo wa mililita 24, na kipimo chake cha damu cha PSA ni nanogramu 8 kwa mililita. Mzee wa Pili naye ana PSA ya 8, lakini tezi yake ina ujazo wa mililita 89. Mzee wa Tatu ana tezi ya mililita 90 na PSA ya 18. Wote watatu walichukuliwa vipande 12 vya tishu kwa sindano, na kwenye karatasi za wote watatu maabara imeandika maneno yaleyale: hakuna saratani iliyoonekana.

Je, maneno hayo yana uzito uleule kwa kila mmoja wao? Hilo ndilo swali la somo hili. Tutaona kwamba jibu la biopsi halipaswi kusomwa peke yake. Husomwa pamoja na ukubwa wa tezi iliyochomwa sindano, na asiyejua ukubwa huo amesoma nusu tu ya jibu.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, mhudumu wa afya ataweza kueleza kwa nini biopsi huonyesha saratani mara chache zaidi katika tezi kubwa. Kukokotoa ujazo wa tezi na uwiano wake na PSA. Na kumweleza mgonjwa maana ya jibu lisiloonyesha saratani. Mgonjwa na familia yake wataweza kuuliza maswali yanayofaa kabla ya biopsi na baada yake.

Tezi dume na kanda zake

Mitaani husemwa kwamba fulani "ana tezi dume", kana kwamba hilo ni jina la ugonjwa. Ukweli ni kwamba kila mwanamume ana tezi dume. Ni kiungo kidogo kilichopo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya puru, nacho huzunguka sehemu ya mwanzo ya mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana, ujazo wake ni kati ya mililita 20 na 25 hivi.

Kwa somo letu inatosha kuzijua kanda mbili za tezi hii. Ya kwanza ni ukanda wa nje, ulio upande wa nyuma karibu na puru. Kwa kijana ukanda huu huchukua takribani asilimia 70 ya tishu ya tezi, na sehemu kubwa ya saratani, karibu asilimia 70, huanzia hapo. Ya pili ni ukanda wa ndani unaozunguka mrija wa mkojo. Ukanda huu ni mdogo ujanani, lakini ndio unaokua kadiri umri unavyosonga. Ukuaji huo si saratani. Ndio unaoubana mrija wa mkojo, ukamfanya mzee aamke mara kwa mara usiku, asubiri mkojo uanze kutoka, na mkojo wenyewe utoke kwa mkondo dhaifu.

Basi tezi inaweza kuwa kubwa bila kuwa na saratani, ikawa ndogo nayo ina saratani, au ikawa na mambo yote mawili kwa pamoja: ukuaji wa kawaida katika ukanda wa ndani na saratani ndogo iliyojificha katika ukanda wa nje. Hali hii ya mwisho ndiyo inayoleta tabu katika biopsi.

Biopsi huchukua kiasi gani cha tezi?

Biopsi ya tezi dume hufanywa kwa sindano maalumu yenye uwazi, ambayo hukata na kutoa kipande chembamba cha tishu. Sindano hupitishwa kwenye ukuta wa puru, au kwenye ngozi ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Daktari huongozwa na picha ya ultrasaundi. Mahali ambapo ultrasaundi ya puru haipo, biopsi huongozwa na kidole cha daktari. Vipande hupelekwa kwa mwanapatholojia, ambaye huvichunguza kwa hadubini.

Mnunuzi wa nafaka aliyewahi kushika bambo ataielewa kazi hii mara moja. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho hudungwa kwenye gunia ili kutoa punje chache zionekane. Mnunuzi hamwagi gunia zima. Hudunga hapa na pale, kisha akaamua. Kama sehemu kubwa ya mahindi imeoza, bambo litaonyesha. Lakini kama uozo ni kiasi cha kiganja kimoja katika pembe moja ya gunia, bambo linaweza kupita pembeni mwake mara zote. Gunia likiwa kubwa mara tatu, na idadi ya kudunga ikibaki ileile, nafasi ya kuukosa uozo huo huongezeka.

Tufanye hesabu. Kipande kimoja cha biopsi kina kipenyo cha karibu milimita 1 na urefu wa karibu milimita 17. Ujazo wake ni milimita za ujazo 13 hivi. Vipande 12 kwa pamoja ni milimita za ujazo 160 hivi, yaani mililita 0.16. Katika tezi ya mililita 30, hiyo ni sehemu moja kati ya 190. Katika tezi ya mililita 90, ni sehemu moja kati ya 560. Kwa vyovyote, mwanapatholojia anaona chini ya asilimia moja ya tezi. Lakini kwa mwenye tezi kubwa anaona theluthi moja tu ya kile anachokiona kwa mwenye tezi ndogo.

Tafiti zilionyesha nini?

Mwaka 1989, Hodge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utaratibu wa kuchukua vipande 6 kwa mpangilio maalumu, vitatu kila upande, badala ya kuchoma sindano pale tu palipoonekana kuwa na kasoro. Utaratibu huo ulienea duniani. Vipande vilikuwa 6 kwa kila mwanamume, awe na tezi ndogo au kubwa.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya madaktari kutambua tofauti. Mwaka 1995, Uzzo na wenzake walichapisha matokeo ya biopsi za vipande 6 wakiwa wamewagawa wanaume kwa ukubwa wa tezi. Kwa wenye tezi zisizofikia mililita 50, saratani ilionekana kwa asilimia 38. Kwa wenye tezi za mililita 50 na zaidi, ilionekana kwa asilimia 23. Tafiti nyingine zilizofuata zilielekeza upande huohuo: kadiri tezi inavyokuwa kubwa, ndivyo biopsi inavyoonyesha saratani kwa wachache zaidi.

Takwimu hizo hazina ubishi mkubwa. Ubishi upo katika sababu zake, na mhudumu anapaswa kuzijua zote, kwa kuwa kila moja inaelekeza uamuzi tofauti.

Sababu tatu

Sababu ya kwanza ni ya sampuli, na tumekwisha kuieleza kwa mfano wa bambo. Saratani ipo, lakini sindano imepita pembeni. Ikiwa hii ndiyo sababu, mwenye tezi kubwa anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Sababu ya pili ni njia inayomfikisha mgonjwa kwenye biopsi. PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, zilizo nzima na zenye saratani pia. Tezi iliyokua ina seli nyingi zaidi, hivyo hutoa PSA nyingi zaidi hata kama haina saratani yoyote. Mwanamume mwenye tezi ya mililita 25 akipata PSA ya juu, tezi yake ndogo haitoshi kuieleza, na shaka ya saratani huwa kubwa. Mwenye tezi ya mililita 90 hupata PSA ileile kwa sababu tu ya ukubwa wa tezi. Wote wawili hupelekwa kwenye biopsi, lakini wa pili alifikishwa hapo na ukuaji wa kawaida. Ikiwa hii ndiyo sababu, basi saratani haionekani kwa kuwa kweli haipo, na mgonjwa anahitaji kutulizwa kuliko kuchomwa sindano upya.

Sababu ya tatu ni ya kibaiolojia. Wapo watafiti wanaosema kwamba ukuaji wa ukanda wa ndani huubana na kuupunguza ukanda wa nje, ambako saratani nyingi huanzia, na kwa njia hiyo tezi kubwa huwa na saratani chache kwa hakika. Mwaka 2005, Freedland na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa wanaume waliokwisha kuondolewa tezi yote kwa upasuaji kwa sababu ya saratani, wenye tezi ndogo walikuwa na saratani kali zaidi na zilizosambaa zaidi. Hapo tezi nzima ilikuwa mkononi mwa mwanapatholojia, hivyo hoja ya sindano kupita pembeni haitoshi kueleza kila kitu.

Sababu hizi hazipingani. Katika mgonjwa mmoja zinaweza kuwapo zote. Kazi ya mhudumu ni kujiuliza ipi ina uzito zaidi kwa mzee aliye mbele yake.

Kisa cha finasteraidi: ukubwa unapowapotosha wataalamu

Anayedhani kwamba suala la ukubwa ni dogo na akumbuke utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1993. Wanaume 18,882 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa na PSA isiyozidi 3, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa ya finasteraidi, miligramu 5 kila siku, na jingine kidonge kisicho na dawa. Finasteraidi huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni inayoikuza tezi dume. Kwa hiyo tezi hunywea. Swali lilikuwa: je, dawa hiyo yaweza kuzuia saratani?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kwa waliotumia finasteraidi, saratani ilionekana kwa asilimia 18.4, kwa wasioitumia, asilimia 24.4. Dawa ilikuwa imepunguza saratani kwa takribani robo. Lakini habari hiyo njema iliambatana na nyingine ya kutisha: saratani kali, zenye alama ya Gleason ya 7 hadi 10, zilikuwa asilimia 6.4 kwa waliotumia dawa na asilimia 5.1 kwa wasioitumia. Ikaonekana kana kwamba dawa inazuia saratani pole na kuchochea saratani kali. Madaktari wengi waliogopa kuitumia kwa kinga, na mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo liongezwe kwenye maelezo ya dawa za kundi hilo.

Ufunguo wa fumbo ulikuwa katika ukubwa wa tezi. Wakati wa biopsi, ujazo wa kati wa tezi kwa waliotumia dawa ulikuwa mililita 25.5, na kwa wasioitumia mililita 33.6. Sindano zilezile zilichomwa katika tezi zilizokwisha kunywea, na saratani kali iliyokuwamo ikawa rahisi zaidi kunaswa. Zaidi ya hayo, dawa ilipoipunguza PSA inayotokana na ukuaji wa kawaida, kipimo cha PSA chenyewe kilikuwa na uwezo zaidi wa kuwatambua wenye saratani. Wachambuzi waliporudia hesabu wakizingatia mambo hayo, tofauti ya saratani kali ilitoweka, na baadhi ya hesabu zilionyesha kwamba dawa ilizipunguza hizo pia.

Hukumu ya mwisho ilitolewa na muda. Baada ya ufuatiliaji mrefu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha vifo 42 vya saratani ya tezi dume katika kundi la finasteraidi na 56 katika kundi jingine. Kama dawa ingekuwa inazalisha saratani kali, vifo vingeongezeka, havikuongezeka. Kwa hiyo kwa miaka mingi dawa ilibeba lawama ambayo, kwa sehemu kubwa, ilitokana na tezi iliyonywea kuchunguzika vizuri zaidi.

Kuna funzo la kliniki hapa pia. Mgonjwa aliyetumia finasteraidi au dutasteraidi kwa miezi sita hadi mwaka, PSA yake hushuka kwa karibu nusu. Mhudumu asiyeuliza kuhusu dawa hizo anaweza kuiona PSA ya 3 akaridhika, ilhali thamani yake halisi inakaribia 6. Na PSA inayopanda wakati mgonjwa anaendelea kumeza dawa hizi ni ishara ya hatari, hata ikiwa bado iko chini ya 4.

Kupima ukubwa na kuutumia

Ujazo wa tezi dume hupimwa kwa ultrasaundi. Ile ya puru ni sahihi zaidi, lakini hata ya tumboni, ambayo hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, hutoa makadirio yanayofaa. Kidole pekee hakitoshi, kwa kuwa hugusa upande wa nyuma tu na mara nyingi hukadiria tezi kubwa kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Kanuni ni hii: urefu × upana × kina × 0.52, vipimo vyote vikiwa katika sentimita. Tuseme ultrasaundi ya Mzee wa Pili imeonyesha sentimita 6.0, 5.5 na 5.2. Zao lake ni 171.6, likizidishwa kwa 0.52 tunapata 89. Huo ndio ujazo kwa mililita.

Hatua ya pili ni kugawa PSA kwa ujazo. Tunachopata huitwa msongamano wa PSA: ni kiasi gani cha PSA kinatolewa kwa kila mililita ya tezi. Kipimo hiki kilipendekezwa na Benson na wenzake mwaka 1992, na mpaka unaotumika zaidi ni 0.15. Chini ya hapo, ukuaji wa kawaida unaweza kuieleza PSA. Juu ya hapo, shaka ya saratani huongezeka. Mpaka huu ni msaada wa kufikiri. Hauna uwezo wa kukata shauri peke yake, na PSA yenyewe hupanda pia kwa maambukizi, kwa kuziba kwa mkojo na kwa kuwekewa mpira wa mkojo. Katika hali hizo, mtibu mgonjwa kwanza, kisha rudia kipimo baada ya wiki sita hivi.

Kwa wazee wetu watatu hesabu inakuwa hivi:

Mzee wa Kwanza: 8 ÷ 24 = 0.33
Mzee wa Pili: 8 ÷ 89 = 0.09
Mzee wa Tatu: 18 ÷ 90 = 0.20

Je, tuongeze sindano?

Jawabu la kwanza lililotolewa na wataalamu lilikuwa kuongeza vipande. Kutoka 6, vikawa 10 hadi 12, na vile vya ziada vilielekezwa pembeni mwa ukanda wa nje, ambako vile 6 vya awali havikufika vizuri. Mabadiliko hayo yaliongeza utambuzi, na ndiyo sababu vipande 12 ni desturi leo. Wapo pia waliopendekeza idadi ya vipande ipangwe kulingana na ukubwa wa tezi na umri wa mgonjwa.

Lakini kuongeza sindano bila kikomo kuna gharama. Biopsi huweza kuleta damu katika mkojo, katika shahawa na katika choo kwa siku kadhaa. Ikipitia puru inaweza kuingiza bakteria katika damu. Kupitia msamba hupunguza hatari hiyo. Mwenye tezi kubwa ana hatari zaidi ya mkojo kuziba ghafla baada ya biopsi. Tena, kadiri tunavyochoma zaidi ndivyo tunavyozigundua saratani ndogo na pole ambazo zisingemdhuru mzee maishani mwake, tukamtwisha hofu na pengine matibabu asiyoyahitaji. Katika utafiti uleule wa finasteraidi, wanaume 2,950 wa kundi lisilopewa dawa, ambao PSA yao haikuwahi kuzidi 4, walichukuliwa biopsi mwishoni. Saratani ilionekana kwa asilimia 15.2 kati yao, na nyingi zilikuwa pole.

Jawabu la pili ni kuona kwanza, kisha kuchoma. Kipimo cha MRI huonyesha sehemu zenye shaka ndani ya tezi, na sindano ikaelekezwa huko. Mwaka 2017, utafiti wa PROMIS uliofanyika Uingereza kwa wanaume 576 ulionyesha kwamba MRI iliwatambua asilimia 93 ya wenye saratani yenye madhara, ilhali biopsi ya kawaida kupitia puru iliwatambua asilimia 48 tu. Mwaka uliofuata, utafiti wa PRECISION kwa wanaume 500 ulionyesha saratani yenye madhara kwa asilimia 38 ya waliopitia njia ya MRI, na asilimia 26 ya waliochukuliwa biopsi ya kawaida. Kwa mwenye tezi kubwa faida hiyo ni dhahiri: sindano inayojua iendako haihangaishwi sana na ukubwa wa gunia.

Katika kanda yetu MRI haipatikani kila mahali, na gharama yake ni mzigo kwa familia nyingi. Hiyo ni sababu ya kuitumia kwa kuchagua. Kuichagua vizuri kunawezekana ikiwa ujazo na msongamano wa PSA vimeandikwa: wenye msongamano mkubwa na biopsi isiyoonyesha saratani ndio wa kutangulizwa.

Kwa mhudumu wa kituo cha afya na hospitali ya wilaya

Andika ujazo wa tezi kwenye fomu ya rufaa na kwenye fomu ya maabara, pamoja na PSA, tarehe yake, dawa anazotumia mgonjwa na kile ulichokigusa kwa kidole. Idadi ya vipande vilivyochukuliwa nayo iandikwe.

Uvimbe mgumu unaogusika kwa kidole haupuuzwi kwa sababu ya PSA ndogo au tezi kubwa. Uvimbe huo ni shabaha inayoonekana, na hata biopsi ya kuongozwa na kidole inaweza kuufikia. Vivyo hivyo, mzee anayefika na tezi ngumu yote, PSA ya mamia na maumivu ya mifupa hana fumbo la ukubwa. Anahitaji kuthibitishiwa ugonjwa na kuanzishiwa matibabu upesi. Fumbo la ukubwa ni la yule mwenye tezi kubwa, laini, isiyo na uvimbe, na PSA iliyopanda.

Mgonjwa akifanyiwa upasuaji wa kupunguza tezi iliyokua, tishu iliyotolewa ipelekwe maabara. Aelezwe pia kwamba upasuaji huo huondoa ukanda wa ndani na kuuacha ukanda wa nje. Ni kosa kumwambia kwamba hawezi tena kupata saratani ya tezi dume.

Namna ya kumweleza mgonjwa

Maneno "huna saratani" ni mafupi na matamu, lakini biopsi haiwezi kuyathibitisha. Mazungumzo na Mzee wa Tatu yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Majibu yanasemaje? Mimi mzima?"

"Katika vipande tulivyochukua, mzee wangu, hatukuona saratani. Hiyo ni habari njema. Lakini tezi yako ni kubwa, na vipande vile ni sehemu ndogo sana ya tezi nzima. Kipimo chako cha damu nacho kiko juu kuliko tunavyotarajia, hata kwa tezi ya ukubwa huo. Kwa hiyo leo hatuagani. Tunataka kuangalia zaidi."

"Mnanificha kitu?"

"Hatukufichi, mzee. Tungekuficha kama tungekwambia yamekwisha."

Mgonjwa anayeelezwa hivi hurudi kliniki. Aliyeambiwa tu kwamba ni mzima huenda asirudi hadi mifupa ianze kuuma.

Maswali ya mgonjwa kumuuliza daktari

Kabla ya biopsi: Tezi yangu ina ujazo gani? PSA yangu inaendana na ukubwa huo? Mtachukua vipande vingapi, na kupitia wapi? Dawa ninazotumia, hasa za kuyeyusha damu, nifanyeje nazo?

Baada ya biopsi isiyoonyesha saratani: Shaka iliyobaki ni kubwa au ndogo? Nirudi lini kupima PSA? Ni mabadiliko gani yatatufanya turudie biopsi? Naomba nakala ya majibu niyahifadhi.

Homa, baridi ya mwili au mkojo kuziba baada ya biopsi ni dharura. Mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Turudi kwenye benchi

Mzee wa Kwanza ana tezi ndogo, hivyo sindano zilipata sehemu kubwa zaidi ya tezi yake. Hata hivyo msongamano wa 0.33 hauelezwi na ukubwa. Atafutiwe maambukizi, PSA irudiwe, na ikibaki juu apelekwe MRI au biopsi nyingine. Mzee wa Pili ana msongamano wa 0.09, PSA yake inaelezwa na ukuaji wa kawaida. Atibiwe dalili zake za mkojo na PSA ifuatiliwe kwa vipindi. Mzee wa Tatu ana mambo mawili yanayokutana: tezi kubwa iliyochunguzwa kidogo, na PSA inayozidi ukubwa huo. Jibu lake ndilo dhaifu kuliko yote, naye ndiye wa kutangulizwa.

Karatasi zao tatu zilifanana neno kwa neno. Kilichowatofautisha ni mililita za tezi, ambazo hupatikana kwa ultrasaundi ya dakika chache na hesabu ya mstari mmoja.

Maswali ya kujipima

1. Ultrasaundi inaonyesha sentimita 5.0, 4.5 na 4.0, na PSA ni 9. Kokotoa ujazo na msongamano.
2. Taja sababu tatu zinazofanya biopsi ionyeshe saratani mara chache katika tezi kubwa.
3. Kwa nini finasteraidi ilidhaniwa kuchochea saratani kali?
4. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi iliyokua anasema hahitaji tena kupima PSA. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Ujazo ni mililita 47 hivi, msongamano ni 0.19. (2) Sampuli ndogo kulingana na tezi. PSA inayopandishwa na ukuaji wa kawaida. Na uwezekano kwamba tezi zilizokua zina saratani chache kwa hakika. (3) Iliinywesha tezi na kuiboresha PSA kama kipimo, hivyo saratani kali zilizokuwamo zikanaswa kwa urahisi zaidi. (4) Ukanda wa nje, ambako saratani nyingi huanzia, ungalipo. Ufuatiliaji uendelee kwa ushauri wa daktari.